Kofia ya Sufu kwa Mkono wa Kushoto

Mimi ni mshonaji wa kofia za kiume. Tangu usichana wangu Bububu, kisiwani, nimekuwa nikitoboa matundu madogo kwenye kitambaa cheupe na kuyazungushia uzi, na katika kazi hiyo fundi ni yule anayejua kukaza. Uzi ukilegea, tundu huziba na ua hupotea.

Binti yangu alipokuja kujifungulia kwangu mtoto wake wa kwanza, furaha ilinizidi. Nikatamka mbele ya wakwe zake kwamba mjukuu atatolewa arubaini amevaa kofia ya sufu ya mkono wangu, ya rangi mbili, yenye vinundu. Kofia ya namna hiyo nilikuwa nimeiona juzi tu kwa jirani. Kufuma sufu sikujua kabisa.

Jirani huyo, Mkristo ambaye wazee wake walitoka bara, alinijia na duara la plastiki lililozungukwa na vigingi.

"Shoga, mdomo wako umeitangulia mikono," alisema. "Haya, kaa."

Nikueleze kama alivyonieleza yeye, maana kazi yenyewe haitishi. Unazungusha uzi mweupe kwenye kila kigingi, halafu unazungusha tena kwa juu, hata kila kigingi kiwe na vitanzi viwili. Kwa ndoana ndogo unakiinua kitanzi cha chini, unakivusha juu ya mwenzake na kukiangushia ndani. Hiyo ni safu. Sasa shika uzi wa kijani: kigingi hiki unakizungushia na kuvusha, kinachofuata unakiruka, uzi ukipita kwa ndani. Ulichokiruka usikiguse. Kitanzi chake cheupe kitavutika na kutokeza juu ya kijani kama punje ya mtama. Safu inayofuata ni nyeupe kote. Kijani kikirudi, unaruka vigingi ulivyovizungushia mwanzo, na vinundu vinapishana vyenyewe.

Kichwa changu kilielewa upesi, vidole havikuelewa. Kila kitanzi nilikikaza kama tundu la kofia. Ndoana haikupata pa kupenya, nikailazimisha hata ikapinda. Kofia ilipotoka kwenye duara, binti yangu aliitazama kutoka kitandani.

"Mama, hii ya mwanangu au ya chungwa?"

"Itavutika."

"Haya, ivute."

Niliivuta. Haikwenda popote. Na wakwe walikuwa wanakuja keshokutwa, wote walionisikia nikijisifu.

Tukaifumua. Nilipoanza upya jirani alinitazama kidogo, kisha akaunyofoa uzi kwenye mkono wangu wa kulia na kuutia kwenye wa kushoto.

"Zungusha kwa huu. Huu haujashona kofia hata moja, haujui kukaza."

"Mkono wa kushoto, kwa kitu cha mtoto?"

"Unamfumia, humlishi!"

Binti yangu alicheka hata mtoto akaamka. Nami nikaujaribu. Mkono ule ulikuwa mzito, ulitangatanga, uliuangusha uzi, lakini vitanzi vyake vilikaa laini na ndoana ikapita bila kubembelezwa. Kama nawe una ufundi wa zamani unaokuzuia ufundi mpya, jaribu mkono usiojua kitu. Usiuonee haya. Wangu ulimaliza kofia asubuhi ileile ya arubaini, wali ukiwa tayari jikoni.

Bi mkubwa wa upande wa baba alimpokea mtoto. Kabla ya kusema lolote aliivuta ile kofia pembeni kwa vidole viwili, akaiachia. Ikarudi mahali pake. Akapapasa vinundu, akaishusha ifunike masikio. Mtoto akapiga chafya, akaendelea kulala.

"Imemkaa," alisema, akampitisha kwa mama aliyefuata.

Jirani yangu, aliyekaa ubavuni pangu, alinifinya paja kwa furaha, nusura nipige ukelele mbele ya wageni.