Mikono ya Msusi wa Malaba

Msusi mmoja wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ana mikono mipana na sauti ya kwaya, na kila Jumatano huwasuka bure akina mama waliokimbia vita Kongo. Hagusi kichwa cha mtu kabla ya kuuliza, "Nishike hapa, dada?" Mmoja wao, Sifa, aliyeburutwa kwa nywele na watu wenye bunduki, alikuwa akija kila wiki na kukaa tu mlangoni pa saluni na chai yake. Msusi hakumharakisha. Jana Sifa alifungua kitambaa chake cha kichwani mwenyewe, akaketi kitini. "Nisuke, mama. Ukiniumiza nitasema." Msusi alianza polepole, akiulegeza kila msuko. Walipofika utosini, Sifa akaangua kicheko: "Kaza basi, mama, mbona unaogopa hivyo?" Saluni nzima ikapiga vigelegele, na msusi akacheka mpaka kitana kikamponyoka.