Swali la Mlangoni

Siku tulipofungua kituo cha taarifa pale Ihanja tulikuwepo watano: Mwalimu Elia, mstaafu aliyekuwa msimamizi wetu, Zaituni mshona nguo, Hamisi fundi baiskeli, mtendaji wa kijiji, aliyekuja na ufunguo akaondoka nao, na mimi. Hakuna mwananchi aliyefika. Tulishinda tukitazamana hadi Zaituni akasema, "Jamani, mimi nina magauni ya watu nyumbani."

Mimi niliacha shule darasa la sita. Wazazi walipofariki mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na wadogo zangu watatu walinitazama mimi. Kutafuta vyeti vyao vya kuzaliwa kulinizungusha ofisi nyingi, nikajua mlango upi unakutuma mlango upi. Mwalimu alisema hiyo ndiyo elimu aliyoitaka.

Kazi yetu ilikuwa kusikiliza, kueleza na kutoa rufaa, yaani kikaratasi cha kumpeleka mtu kwenye ofisi inayohusika. Tulijitolea. Hadi leo vijana huniuliza, "Mama mkubwa, sasa ulikuwa unapata ngapi?" Ukijibu hakuna, wanakuona unaficha.

Jambo ambalo Mwalimu alilikazia ni swali la mlangoni. Watu wetu hawaanzi na lililowaleta. Mtu ataulizia wadogo zako, ataulizia mbegu za alizeti, ataaga, atasimama. Akishashika mlango ndipo atasema. "Usifunge daftari mtu akiwa bado ana mguu ndani," Mwalimu alituambia.

Kisha mjini wakatuletea afisa wa mradi uliogharamia vituo hivi, na fomu zake: mtu mmoja, tatizo moja, dakika kumi.

"Dada, yule mzee umekaa naye dakika arobaini. Mmeongea nini?"

"Alizeti."

"Dakika arobaini, alizeti?"

"Lililomleta alikuwa hajalifikia."

Hakucheka. Alituita semina Utemini, huko mjini, siku mbili nzima, kutufundisha kuokoa muda. Yeye mwenyewe alichelewa kwa saa mbili.

Nilichoka kubishana. Siku aliyokuja kutukagua nilifuata fomu yake. Akaingia Mama Neema, mjane wa jirani yetu, kuuliza namna ya kujiandikisha kwa mbolea ya ruzuku. Nikamwandikia rufaa kwa afisa ugani. Akashukuru, akasimama, akashika mlango.

"Halafu, mwanangu, kuna karatasi hii wamenipa..."

"Utarudi nayo kesho, mama. Anayefuata!"

Afisa wa mradi akaandika kitu kwenye daftari lake, amefurahi.

Karatasi ile ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Shemeji zake walimwambia ni orodha ya waliohudhuria msiba. Hajui kusoma, jioni ileile akaweka dole gumba. Kumbe imeandikwa kwamba ameridhia shamba la marehemu mumewe liwe lao.

Habari ilipotufikia, Mwalimu aliniuliza, "Siku ile ulihudumia watu wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Hongera," akasema, akatoka nje.

Mwaka huu nimeacha kazi. Mtu wa kujitolea hapewi barua ya kustaafu, nilikuta tu chumba chetu kimejazwa mifuko ya saruji, na mtendaji wa sasa akaniambia, "Shikamoo mama, mngekuja kuondoa meza yenu." Mradi uliisha zamani. Fomu zimebaki, zinafungiwa karanga gengeni.

Vijana mnaotaka kazi hii, mtasumbuliwa na ofisi na mtasumbuliwa na wananchi. Vumilieni. Lakini mtu akisimama mlangoni, kaeni kimya mumsikilize, hata mkubwa wenu akiwa ameshika saa.

Mama Neema hajanilaumu hata siku moja. "Mbolea nilipata, mwanangu," husema, "uliniandikia vizuri." Afadhali angenitukana.

Nimesimama mahakama ya mwanzo mara tatu, kwenye kesi yake ya kudai shamba, kueleza kwamba alinijia na karatasi ile kabla hajaweka dole, nami sikuisoma. Shemeji zake hucheka. Kesi imeahirishwa tena, na msimu huu pia shamba wamelima wao.