Mpika Mafuta wa Kengeja na Seli za Ini

Mdogo wangu Mwanapili Jecha alizaliwa Kengeja, nyumba ya wapika mafuta ya nazi. Mama yetu, Bi Mwanawema, alitusomesha kwa chungu cha mafuta hayo. Mwanapili alikuwa mwalimu wa biolojia Konde alipopewa ruhusa ya miaka miwili kwenda chuo kikuu, bara, kusomea ini. Watu wakacheka: mwanamke mzima anasomea maini! Walinikera, nasema kweli.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na seli ya ini imejaa maji. Ndani yake mna protini inayoyadaka mafuta na kuyapeleka yanakochomwa yawe nguvu, kama hamali anavyopokea magunia gari likifika Konde. Mwanapili alitaka kuonesha kwamba hamali huyo akiondolewa, mafuta hayachomwi ipasavyo.

Lakini kwanza ayafikishe mafuta kwenye seli, nayo hayafiki mpaka yashikwe na protini nyingine, ya damu. Akayachemsha pamoja na protini hiyo. Mara tatu seli zikamfia. Ikabaki chupa moja ya seli na wiki tatu za ruhusa. Ikiharibika hiyo, anarudi bila shahada.

Akanipigia simu analia. Nikampa mama.

"Mafuta yaelea juu?" mama akamuuliza.

"Yaelea, mama. Na chini mna mashapo meupe."

"Basi ushalikata tui, mwanangu, mafuta yamejitenga. Wewe wapika mafuta. Hayo yataka mapishi ya mchuzi: moto mdogo, ukoroge, wala usiondoke."

Mwanapili aliona aibu. Kwetu mafuta yakijitenga ndiyo kazi imekwisha, na mazoea hayo aliyabeba mpaka maabara.

Kesho yake aliyapasha mafuta peke yake, protini akaiacha vuguvugu, akamimina kidogo kidogo huku akikoroga. Maji yakabaki maangavu. Seli zikaishi. Alikuwa amezigawa mafungu mawili, moja akaliondolea hamali. Zenye hamali zilipokea mafuta zikayachoma. Zilizoondolewa hamali zikasuasua.

Watahini walimbana saa mbili, wasimpate. Mmoja akauliza ni nani aliyemwelekeza njia ile. Akamtaja mama kwa jina lake kamili, na jina likachapwa kwenye tasnifu.

Nilitoa machozi ya furaha, sioni haya kusema. Kitabu kimo nyumbani Kengeja. Mama hajui kusoma, lakini ukurasa wenye jina lake anaujua, na mgeni hapati chai mpaka auone.