Simu ya Dada Akiwa Eda

Shemeji yangu alikuwa akinunua mananasi Kiwangwa na kuyaleta mjini Bagamoyo. Hakupenda kuandika. Akiwa njiani alimtumia dada yangu sauti, na dada hakufuta hata moja.

Simu ya dada, shemeji ndiye aliyeichukua, kwa mkopo wa kulipia kila siku. Ya kwake mwenyewe iliibwa siku ya msiba wake, nyumba ilipojaa watu. Wiki moja baada ya maziko, hii ya dada nayo ikajifunga. Ukiiwasha, kioo kinaonyesha deni na namba ya kulipia, basi.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa ajili ya maziko. Miaka zaidi ya ishirini nimekaa Tanga, Mafia, Kilwa, Mtwara. Kila mji niliukumbuka nilipohamia mwingine, na wa kwetu niliukumbuka kuliko yote. Sasa nilikuwa kwetu na sikuhisi kitu. Nilikula nilipowekewa chakula. Nilisema alhamdulillahi nilipoulizwa hali.

Ni mimi niliyesimama makaburini tulipomaliza kuzika, kama ilivyo ada, nikasema anayemdai marehemu atuone sisi jamaa zake. Muuza mafuta alikuja, tukamlipa. Mwenye gari la kubebea mananasi alikuja, akasamehe. Wenye simu hawakuwepo, na mimi sikuwaweka katika hesabu. Kwangu mdai alikuwa mtu anayekuja na kofia yake akakaa kwenye jamvi.

Dada alikuwa eda, hatoki. Akaniita chumbani.

"Kaka, nifungulie hii simu. Mna sauti za mume wangu humu."

"Achana na simu za mkopo. Nitakununulia yako, ya taslimu, asikufungie mtu."

"Na sauti?"

"Tunahamisha laini tu."

Nilisema hivyo kwa uhakika kwa sababu maisha yangu yote nimetumia kitochi, simu ndogo ya vitufe. Majina na namba nimeziweka kwenye laini. Simu imekufa Mafia, nimenunua nyingine Kilwa, nimechomeka laini, watu wangu wote wapo. Niliamini kila kitu cha mtu kinakaa pale.

Nikaichomoa laini nikamwachia, simu nikaitia mfukoni. Fedha za kununulia mpya zilipungua kidogo, kwa hiyo nilipita kwa fundi simu karibu na stendi niiuze ile.

"Hii imefungwa, ndugu yangu," fundi alisema. "Mie nachukua kioo na betri. Bodi natupia humu." Akaonyesha kiroba kilichojaa mabaki ya simu.

"Chukua yote."

Dukani palikuwa na binti mchangamfu. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia.

"Ya mkopo, baba? Kianzio kidogo tu. Nipe kitambulisho nikupige na picha."

"Taslimu."

"Taslimu! Leo tumepata mgeni." Akakitazama kitochi changu juu ya meza. "Na hicho kimulimuli utamwachia nani?"

"Kinanitosha."

"Haya, na kava nakupa bure, usije ukaghairi."

Hakuniuliza jina. Nilitoka na simu nzima, mali yetu. Siku nyingine ningefurahi.

Dada akachomeka laini. Majina yakaja yote. Akaufungua ule uwanja wa ujumbe, ukawa mtupu. Akaupapasa juu, akaupapasa chini, akaniangalia.

"Mbona hamna?"

Nikarudi dukani.

"Sauti hazikai kwenye laini, baba," yule binti alisema, safari hii bila mzaha. "Zinakaa kwenye simu yenyewe. Ya zamani iko wapi?"

"Ilikuwa imefungwa."

"Si mngemalizia deni? Inafunguka palepale."

Aliniangalizia kwa namba ya marehemu. Deni lililobaki halikufika nusu ya fedha niliyomlipa asubuhi ile.

Kwa fundi, kioo kilikwisha wekwa kwenye simu ya mtu mwingine, na mwenyewe alikwisha ondoka nayo. Kiroba hakikuwepo. "Kimebebwa saa saba na mnunuzi wa Dar," alisema. "Bodi zote hufanana, ndugu yangu. Hata ukimfuata, utaijuaje?"

Nikalilipa lile deni kwa nauli yangu ya kurudi Mtwara, maana ni la marehemu na mimi ndiye niliyetangaza. Ujumbe ukaingia kwenye kitochi, wa kunipongeza, kwamba simu imefunguliwa. Niliusoma nikiwa nimesimama kando ya barabara, kisha nikaenda nyumbani.

Dada alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote, tangu kwa fundi. Sikuacha kitu na sikujitetea. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Hata ile ya Fukayosi?"

"Hata hiyo."

"Gari lilipata pancha pale njiani," alisema. "Wakashusha mananasi ili wapige jeki, mbuzi wakayavamia. Akawa ananihadithia huku anawafukuza. Halafu akacheka."

"Alichekaje?" Sijui kwa nini niliuliza. Mtu yule nimekula naye miaka mingi, na sikuweza kukumbuka kicheko chake.

Dada akainua kidevu, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Tukangoja wote wawili. Haikutoka sauti. Akajaribu tena, kisha akatikisa kichwa, akauvuta ungo karibu yake na kuendelea na mchele.