Jagi la Waetruski Nililolisugua

Safari hii ilinigharimu randi mia sita na themanini: mia sita na hamsini za jagi, thelathini za basi. Nimejumlisha mara mbili, hazikupungua.

Jumamosi asubuhi, mtaa wa Observatory, Johannesburg. Bibi mmoja mjane alikuwa anauza vyombo ahamie kwa binti yake. Mimi huishi kwa kuuza vyombo vikuukuu, nikaona jagi la bronzi, kijani kwa kutu. Akasema marehemu mumewe alilinunua Italia. Ni la Waetruski, watu walioishi kule kabla Roma haijapata nguvu.

"Elfu moja."

"Bibi, limeoza."

"Limezeeka, kama mimi."

"Wewe hujaota kutu."

Akacheka, bei ikashuka. Papo hapo nikampigia simu mke wangu Béatrice, kwetu Likasi, Kongo, ambaye sijamwona miaka mitatu. Nikamwahidi Krismasi nitakula mezani kwake. Jagi la kweli lingenilipia nauli.

Jumapili, chumbani kwangu Yeoville. Kwetu, shaba chafu haipelekwi mbele ya mgeni. Nikalisugua kwa ndimu na majivu mpaka nikaiona sura yangu. Ndiyo sura pekee niliyozungumza nayo siku ile.

Jumatatu saa nne, Braamfontein. Mwalimu Rehema, Mtanzania anayefundisha historia ya kale chuoni, alinipa chai, kisha akaingiza vidole ndani ya jagi.

"Gusa hapa, alama za nyundo. Bamba moja limepigwa, likapashwa moto, likapigwa tena mpaka shingo ikasimama bila kiungo. Mkono umesubiwa kando kwenye kalibu, ukafungwa kwa misumari ya ribiti."

"Basi ni lao?"

"Wao walifanya hivi. Wanaowaiga nao hufanya hivi. Kwanza tungeitazama kutu. Iko wapi, kaka?"

"Nimeiosha."

"Yote?"

"Mimi sifanyi kazi nusu, Mwalimu."

Hakucheka. Alisema maabara inaweza kulipima, ila kwa bei inayozidi nauli yangu. Na wanunuzi wakubwa hukimbia chombo kilichosuguliwa hivi.

Saa nane, kurudi. Nilishuka vituo viwili kabla ya changu nikatembea. Chumbani hapakuwa na wa kumsimulia. Nimejifunza kuwa uchafu nao unaweza kuwa shahidi, nami wangu nimemmwaga kwenye beseni.

Ninyi wa nyumbani, mnaomjua Béatrice kuliko ninavyomjua sasa, nishaurini. Jana kaniuliza apike nini Krismasi. Nimjibuje?