Kawaida ya Nani, Anauliza Mama Wembe

Mama Wembe amenyoa vichwa vya mtaa mzima, kuanzia vichanga mpaka mabwana harusi. Saluni yake ina kiti kimoja, kioo chenye ufa pembeni, na mdomo wake, ambao ndio tangazo lenyewe.

Sasa mwaka huu vidole vikaanza visa. Akishika wembe, kidole gumba kinajikunja ndani kama kimenuna, hakifunguki mpaka akivute kwa mkono mwingine. Siku moja akamkata mteja nyuma ya sikio. Kidogo tu, ila damu ni damu.

Binti yake akampeleka kliniki kupima damu, majibu yakaja kwenye simu. Binti akayapitia chapchap.

"Mama, haya madini ya magnesiamu kawaida. Hakuna alama nyekundu hata moja. Ni uzee tu, pumzika."

"Uzee nao umepimwa humo?"

"Mama jamani."

"Nakuuliza. Nionyeshe mstari ulioandikwa uzee."

Ndipo binti akatoboa: keshaongea na kinyozi mmoja, mwisho wa mwezi anakuja kuchukua kiti, anyoe badala yake.

Weee. Mama wa watu hakupiga kelele. Alivaa viatu vya kutokea, akabeba simu ya binti na dawa zake zote kwenye mfuko wa plastiki, huyo, kliniki peke yake.

"Daktari, mwanangu anasema niko kawaida. Kawaida ya nani?"

Daktari, dada mmoja mcheshi, akasoma. Mpaka wa chini sifuri nukta saba sifuri, yeye ana sifuri nukta saba moja. "Umo ndani, mama, lakini umesimama mlangoni. Halafu damu inabeba kidogo sana. Magnesiamu nyingi iko kwenye mifupa na misuli. Damu inaweza kuonekana sawa huku misuli ina njaa."

"Mbona hamkusema?"

"Mlituambia uchovu tu. Habari ya vidole ndiyo nasikia leo."

Daktari akamwaga mfuko mezani, akaokota dawa ya presha, ile ya kukojoza. "Huyu namshuku. Presha anashusha vizuri, ila magnesiamu anaweza kuimwaga chooni." Akaagiza kipimo kingine, pamoja na potasiamu na figo. Na akamkataza kujinunulia vidonge dukani, maana figo zikiwa dhaifu magnesiamu inarundikana mwilini, na hilo ni balaa lingine.

Figo zikatoka safi. Magnesiamu, safari hii, chini ya mstari. Dawa ya presha ikabadilishwa, vidonge vya magnesiamu vikaandikwa.

Vidole havijatulia kabisa. Wembe kauweka kando kwanza, ananyoa kwa mashine.

Mwisho wa mwezi kinyozi akatokea na begi lake, binti nyuma yake. Mama Wembe alikuwa na mteja, hata hakugeuka.

"Karibu, baba. Kama umekuja kunyolewa, kaa kwenye benchi. Kama umefuata kiti, kina mwenyewe."

Binti akafungua mdomo.

"Na wewe kaa hapo. Hicho kichwa chako kinanitia aibu mtaani."