Siku Nilipomwita Kerubo kwa Maikrofoni

Nitasimulia mwenyewe, kwa sababu nusu ya mliyoyasikia yametiwa chumvi, na ile nusu nyingine, ambayo ni ya kweli, ndiyo inayoniaibisha zaidi. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyesimama mbele ya wateja wetu wote saa nne asubuhi, nimevaa gauni nililoshonesha kwa ajili ya siku hiyo tu, nikamtusi mama wa watu kwa maikrofoni mara tatu, na kila mara nikatabasamu.

Naitwa Akinyi, kwetu ni upande wa ziwa, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi Kisii mjini kwa Bwana Mogaka, anayeuza kwa jumla unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, na wenye maduka wanachukua kwetu kutoka Mosocho hapa karibu mpaka Kenyenya na mpaka kule Nyamira. Kazi yangu ni kompyuta. Nilipoajiriwa nilikuta moja ya zamani sana, ile ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai na urudi ukute bado inajifikiria. Ila ubaya wake hasa ulikuwa kwamba jina la mteja haliwezi kuzidi herufi kumi na tano. Sasa nyinyi hesabuni ni Kerubo wangapi mnaowajua. Sisi tulikuwa nao tisa. Ukiandika Kerubo, wanatokea wote tisa wamepangana, na kompyuta haikwambii nani ni nani.

Aliyejua ni Mzee Ombati, mtunza stoo, ambaye alianza kazi pale kabla mimi sijaingia darasa la kwanza. Ili asichanganyikiwe, kila mteja alikuwa amemwongezea neno moja baada ya jina lake. Moraa Daraja ni yule ambaye duka lake liko karibu na daraja. Nyaboke Mchele ni yule wa mchele. Mzee akiona hilo neno, anajua kila kitu, mpaka ni barabara gani lori lipite.

Shida ilikuja alipougua wiki moja nikabaki peke yangu. Oda ya sabuni ya Kerubo wa Ekerenyo nikaipeleka kwa Kerubo wa Kenyenya (kwa wasiojua, ni kama kumtuma mtu kaskazini ukamwelekeza kusini), na dereva akarudi jioni na mzigo mzima na uso ambao siwezi kuusahau. Bwana Mogaka hakunigombeza. Alikaa, akaitazama ile kompyuta, akasema, "Hii imezeeka. Na Ombati pia atastaafu. Siku akienda, ataenda na wateja wangu wote kichwani mwake."

Basi ukaletwa mfumo mpya. Mafundi walikuja kutoka Nairobi, wakafunga kompyuta tatu, printa, na mashine ya kutengeneza kadi, kwa sababu sasa kila mteja angekuwa na kadi yake, anaipitisha tu kwenye mwanga wa mashine na mzigo wake unaonekana kwenye skrini. Kilichobaki ni kuingiza majina, na hiyo ikawa kazi yangu.

Bwana Mogaka aliniambia wazi, siwezi kusema sikusikia. "Akinyi, mpigie kila mteja simu, muulize majina yake kama yalivyo kwa kitambulisho. Yale ya zamani usiyaguse."

Siku ya kwanza nilipiga simu ishirini na moja. Nani aliwahi kumpigia mwenye duka wa huku simu fupi? Unasalimiwa, unaulizwa habari za kwenu, unaulizwa kama kunanyesha huko mjini, unasubiri amhudumie mteja, halafu ukiuliza jina anakujibu, "Kwani wewe hunijui?" Kufika jioni sikio lilikuwa moto. Kesho yake nikaifungua ile orodha ya zamani, nikaiangalia vizuri, nikaona mbona kila mtu tayari ana majina mawili. Moraa Daraja sawa, huyo nilimjua. Lakini Ongeri Rigena, Onchari Enchogu, Kerubo Omonwa, hayo kwangu yalikuwa majina ya watu kabisa. Mimi natoka mahali ambapo nusu ya wanaume majina yao yanaanza na O, na muda wote huo Kisii nilikuwa nimejifunza Kikisii cha kusalimu na kuuliza bei, basi. Mzee Ombati alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu. Sikumuuliza. Nikanakili yote, nikamaliza kabla ya chakula cha mchana, nikaenda kununua kitambaa cha gauni.

Mzee mwenyewe aliniuliza siku mbili baadaye, kwa ile sauti yake ya chini. "Yale majina yangu umeyafanya nini?"

"Nimeyaweka sawa, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Yeye alielewa kwamba nimeyatoa. Mimi nilimaanisha nimeyapanga kwa alfabeti.

Siku ya kuzindua ilikuwa Jumatano. Ua lote lilifagiliwa, hema likafungwa, viti vikaja, chai na mandazi, na wateja wakaja wamependeza kama wanaenda harusini. Mchungaji akaomba. Bwana Mogaka akatoa hotuba fupi, akasema mfumo huu utamjua kila mteja kwa jina, na hatapotezewa mzigo tena. Kisha akanikabidhi maikrofoni, mimi niite majina, mtu akisikia jina lake aje achukue kadi.

Kadi zilikuwa zimechanganyika, nikaanza na ya juu, Moraa Daraja. Watu wakacheka kidogo, Moraa akaja anacheka pia. Nyaboke Mchele, kicheko tena. Nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe naweza kuongea mbele ya watu. Nikaita Ongeri Rigena wa Kenyenya, na hapo hema lote likapiga makofi, na mzee mmoja mfupi akasimama akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyechaguliwa diwani. (Rigena ni jiwe. Hashuki bei hata umlilie, na anajivunia.) Mimi nikadhani mzee anapendwa tu. Nikainua sauti.

"Onchari Enchogu, Mosocho."

Kicheko cha hapo kilikuwa kikubwa, lakini hakikuwa na makofi. Mwalimu Onchari, mwalimu mstaafu mwenye duka, mtu mwenye mwili wake, alitoka katikati ya viti taratibu sana, akachukua kadi bila kuniangalia, na badala ya kurudi kukaa akaenda moja kwa moja hadi getini. Nikaona labda ana haraka. Kule mlangoni mwa stoo nikamwona Mzee Ombati amesimama, ananipungia mkono. Nikampungia na mimi.

Halafu nikachukua kadi iliyofuata.

"Kerubo Omonwa."

Mtu mmoja nyuma akaguna, na wengine wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Hakuna aliyekuja.

"Kerubo Omonwa wa Ekerenyo," nikasema kwa sauti zaidi, nikitamka vizuri kila herufi. Hema likalipuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao, kwa sababu nilidhani siku yetu inaenda vizuri kupita kiasi. "Jamani, Omonwa yuko wapi? Omonwa aje, kadi yake iko tayari."

Mama mmoja wa makamo akasimama mstari wa pili. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa na kofia ya kanisani, na wanawake wawili waliokuja naye walikuwa wameangalia chini. Alitembea polepole hadi mbele yangu. Nilimjua huyu kwa sura, na sauti yake nilishaisikia mara mia kwa simu, ndiye mteja wetu mkubwa kuliko wote upande wa Nyamira.

"Binti," akasema, "hilo jina unajua ni nini?"

Na maikrofoni bado iko mdomoni, nikajibu, "Nilidhani ni la mzee wako, mama."

Watu walicheka mpaka mwingine akaangusha kikombe. (Baadaye niliambiwa bwanake ni mtu mkimya sana, anayeweza kumaliza wiki bila kusema sentensi mbili.) Mama Kerubo hakucheka. Akasema polepole, kama mwalimu, "Omonwa ni mdomo." Akaichukua kadi, akaisoma, akaiweka juu ya meza imelala kifudifudi, akawaita wenzake wawili wakaondoka. Pikapu yake ikatoka getini tupu.

 Nilibaki pale na rundo la kadi mkononi. Enchogu, nikaja kujua, ni ndovu. Bwana Mogaka alikuja akaninyang'anya maikrofoni kwa upole, akawaomba watu waendelee na chai. Lakini wateja walikuwa wameshageuka wanaangalia mlango wa stoo, kwa sababu kila mtu alijua ni nani huongea hivyo. Mzee Ombati akachukua koti lake kwenye msumari, akapita katikati yao akaenda nyumbani. Ilikuwa bado saa tano.

Jioni Bwana Mogaka aliniuliza swali moja tu. "Uliowapigia simu ni wangapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Kesho utaenda Ekerenyo," akasema, akafunga ofisi.

Nilishuka Ekerenyo asubuhi, boda boda akanifikisha mpaka dukani kwake. Mama Kerubo aliniona, akanionyesha kiti kwa kidole, akaendelea na wateja wake kama saa nzima, na anaongea kweli, sitawadanganya, kila anayeingia anaulizwa habari ya mtoto, ya ng'ombe na ya majani chai. Walipopungua akanigeukia.

"Sema."

Nikasema yote: zile simu, uvivu, kunakili, gauni. Nikamwambia sikujua lugha, na kwamba hilo silo la kujitetea kwa sababu wa kumuuliza alikuwepo.

"Ombati ananiita hivyo miaka yote," akasema. "Usoni. Na mimi nina langu ninalomwita, ambalo sitakwambia. Tunacheka, sisi wawili. Lakini jana nilikuja na wenzangu wa kanisa, nimewaambia njooni muone mahali ninapoheshimiwa." Akapanga upya pakiti za chumvi ambazo zilikuwa zimepangwa. "Kadi mtaniandikia nyingine. Esther Kerubo. Kwa Ombati umeenda?"

Sikuwa nimeenda. Hata wazo lenyewe sikuwa nalo.

"Unaona," akasema. "Kwangu umekuja mbio kwa sababu nanunua. Yeye hanunui kitu."

 Alinipa chai, nikainywa, na mchana huohuo nikarudi, nikapita mjini bila kuingia kazini, nikaenda Mosocho, nyumbani kwa Mzee Ombati.

Mzee alikuwa kwenye migomba yake nyuma ya nyumba, anakata majani makavu. Alinisikia nikifika lakini hakugeuka.

"Uliniambia umeyaweka sawa," akasema.

"Nilikudanganya, mzee. Sikujua nakudanganya, lakini ningekuuliza ningejua."

"Yale yalikuwa yangu ya kukumbukia. Hayakuwa ya kusomewa watu." Akakata jani lingine. "Mwalimu Onchari tunasali kanisa moja, la Wasabato. Jumamosi nitakaa wapi?"

Niliomba msamaha. Sikupata neno zuri zaidi ya hilo, nikalirudia mpaka likaisha nguvu. Halafu nikamwomba kitu, na mpaka leo sijui ujasiri niliutoa wapi: arudi tupige zile simu pamoja, yeye aongee, mimi niandike. Akaendelea kukata majani yake. Lakini siku iliyofuata saa mbili alikuwa amekaa kando ya kompyuta mpya, miwani imefungwa kwa uzi, anasema, "Haya, anza na A."

Ilituchukua karibu wiki mbili. Aliwasalimu, akaulizwa habari, akauliza habari, na mimi sikuangalia saa hata mara moja. Wengine walimcheka, wengine walimkaripia kwanza ndipo wakataja majina. Na kila jina likitajwa, mzee alikuwa analirudia kwa sauti ndogo, kama anaonja. "Zipporah," alisema siku moja baada ya kuweka simu chini. "Moraa wa darajani anaitwa Zipporah. Miaka yote hiyo nampimia sukari sijui." Nikaangalia pembeni, kwa sababu macho yake yalikuwa yamelowa na hakutaka nione.

Mama Kerubo alirudi mwezi uliofuata, na pikapu, bila wale wenzake. Mwalimu Onchari hakurudi. Nilimpigia mara nne. Alipokea mara moja, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa kupiga," na siku hizi ananunua kwa mtu mwingine. Kila Jumamosi Mzee Ombati anamkuta kanisani, wanasalimiana kwa mkono tu.

Kwa hivyo mkiniona nauliza mtu jina lake mara mbili, kisha naandika, kisha namgeuzia skrini alisome mwenyewe kabla sijabonyeza chochote, msiseme mimi ni mzito. Foleni ikifika barabarani, ifike. Na anayetaka mtu wa kuita majina kwenye sherehe yake, gauni bado ninalo, nitamwazima, lakini kuita aite mwenyewe.